Boa wa Mchangani Amegoma Kudishi? Mtengenezee Isiolo Ndogo Ndani ya Boksi

Leo tunaongelea nyoka. Tulia, usitoroke.

Ukitoka Isiolo town ukishika barabara ya kwenda Archers Post, utapita laga kavu kibao. Mchanga, mawe, miti ya miiba, jua kali. Unaweza kuapa hakuna kitu inaishi hapo. Lakini chini ya huo mchanga kunaweza kuwa na nyoka mfupi, mnono, rangi ya machungwa na kahawia, amejifukia mwili wote akabakisha macho na pua tu. Anangoja mjusi apite. Asipopita leo, atangoja kesho.

Mborana akiona nyoka atasema bofa, Msomali atasema mas, Mturkana atasema emun. Lugha ni tofauti lakini kinachofuata kwa kawaida ni kimoja: jiwe.

Sasa cheki hii. Huyo huyo tunayemrushia mawe, wasee wa Marekani na Ulaya wanamnunua na pesa zao, wanamwekea boksi safi na hita, na wanamwita "Kenyan sand boa". Kuna hadi aina moja inayoitwa Dodoma, jina la mji wa Tanzania. Mgeni kwenu, celebrity majuu.

Shida ni moja. Watoto wa huyu nyoka wanajulikana kwa kugoma kula. Unamletea kijipanya, anageuza kichwa. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwenye nyoka anaanza kupanic, anamshikashika, anamfungua mdomo kwa nguvu, na hapo ndipo anamuua kabisa.

Kama wewe ni intern kwa snake park, uko na leseni ya kufuga, ama una cousin huko Minneapolis ama Leicester amenunua boa mdogo na anakusumbua WhatsApp, hii ni yako. Isome hadi mwisho kabla ufanye kitu chochote.

Huyu nyoka ni nani hasa?

Kwa sayansi anaitwa Eryx colubrinus. Jina la pili alipewa na Linnaeus mwaka wa 1758, kwa hivyo si mgeni kwa vitabu. Anapatikana kuanzia Misri na Sudan, anashuka Ethiopia na Somalia, anaingia Kenya hadi kaskazini mwa Tanzania. Anapenda mahali pakavu na udongo laini wa kuchimba.

Hana sumu. Anaua kwa kujizungusha kwa mnyama na kumbana, kama chatu, ni vile tu yeye ni saizi ya mfukoni. Dume kwa kawaida halipiti nusu mita. Jike ndilo kubwa, linafika sentimita 60 hadi 80, na wachache wanapita hapo. Kichwa ni kidogo, shingo huoni imeanzia wapi, mkia ni mfupi na butu.

Hatagi mayai. Anazaa watoto wakiwa hai, mara nyingi 10 hadi 20 kwa mpigo. Mtoto akizaliwa ana urefu wa kama penseli na uzito wa gramu chache tu. Mama hamlishi hata siku moja. Akitoka tumboni ni yeye na mchanga wake. Akitunzwa poa, anaweza kuishi miaka 20, kwa hivyo kabla uanze hii safari jiulize kama uko tayari kuzeeka naye.

Subiri kwanza: karao na sumu

Hapa sitaki kukudanganya. Kwa Kenya huwezi tu kuokota nyoka kwa laga ukamweka kwa keja. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inasema mnyamapori hafugwi bila kibali, na kibali kinatoka kwa KWS. Ukipatikana bila, ni faini ama jela. Kusafirisha nje ndiyo noma zaidi, kwa sababu boa wote wa mchangani wako kwa orodha ya pili ya mkataba wa CITES, ule unaosimamia biashara ya wanyama kati ya nchi na nchi. Ati "nilimwokoa" si kibali.

Halafu kuna hii, na hii inaweza kukuua. Boa wa mchangani ni mfupi, mnono, na ana mabaka. Unajua nani mwingine ni mfupi, mnono na ana mabaka? Moma. Huyo ana sumu kali na hakimbii ukimkaribia. Kaskazini mwa Kenya pia kuna kipiribao mmoja mdogo wa maeneo makavu, wa jamii ya Echis, ambaye ukimwona kwa haraka unaweza kudhani ni mtoto wa boa.

Tofauti zipo. Moma ana kichwa kipana kinachotoka wazi kwa shingo nyembamba, na magamba yake ni makavu na yanakwaruza. Boa ana kichwa chembamba kilichoungana na mwili, na magamba ya mgongo yanang'aa. Lakini hii orodha ni ya kusoma ukiwa umekaa. Usiitumie saa tatu usiku na tochi ya simu. Ukipata nyoka kwa nyumba, toa watoi, kaa mbali ukimwangalia ajulikane ameingilia wapi, na upigie ofisi ya KWS iliyo karibu. Ukiumwa, ni hospitali moja kwa moja: usichanje, usinyonye, usifunge kamba.

Kama nyoka ndio kitu unapenda kwa roho, kuna njia halali. Snake Park ya Nairobi, pale makumbusho, imekuwa wazi tangu 1961. Kule Watamu kuna Bio-Ken, iliyoanzishwa 1980 na James Ashe pamoja na mke wake Sanda. Huyu mzee nyoka walimheshimu hadi swila mmoja mkubwa anayetema sumu akapewa jina lake mwaka wa 2007, Naja ashei. Anza huko, ujifunze kwa watu wanaojua.

Mbona hataki kudishi?

Kumbuka vile anaishi kwa laga. Amefunikwa. Mchanga wa juu unachoma, wa chini una baridi kidogo, na yeye anapanda na kushuka akitafuta joto analotaka. Hakuna mtu anamshika. Mnyama wa kwanza kupita mbele yake mara nyingi ni mjusi mdogo, na anapita giza likiingia.

Sasa wewe umemweka kwa boksi kubwa la kioo lenye taa usiku kucha, gazeti moja chini, baridi ya AC, na unamfungua kila saa kumpiga picha. Halafu unamletea kijipanya cha waridi kilichotoka friza, kitu ambacho hajawahi kuona wala kunusa. Mazee, hata wewe ungegoma.

Sababu kubwa ni hizi:

Baridi. Nyoka hajitengenezei joto la mwili kama sisi. Anachukua la nje. Joto likikosa, tumbo halisagi chakula, na mwili unajua hivyo. Akila akiwa baridi, chakula kinaweza kuozea ndani.

Uoga. Boa mdogo akiwa wazi anajua yeye ndiye chakula cha mtu mwingine. Hawezi kuwinda akiwa anajificha.

Harufu. Wadogo wengi porini wanaanza na mijusi. Panya kwao ni lugha ya kigeni.

Kujivua gamba. Macho yakigeuka rangi ya maziwa na ngozi ikififia, mwache. Wengi hawali hadi ngozi itoke.

Ugonjwa. Huu ni wa mwisho kwa orodha, lakini usiusahau. Tutaurudia.

Keja kwanza, chakula baadaye

Hapa ndipo wengi wanaruka. Hakuna ujanja wa chakula utasaidia kama nyumba ni mbaya.

Boksi liwe dogo. Kwa mtoto, kontena ya plastiki yenye urefu wa rula moja inatosha. Ifunike vizuri na uitoboe matundu madogo ya hewa. Hawa jamaa ni wasee wa kutoroka.

Chini weka kitu cha kuchimba, kina cha sentimita 5 hadi 8. Wengine wanatumia mchanga uliochanganywa na udongo, wengine maranda. Lakini chunga maranda ya fundi wa mbao. Ya mtarakwa na mbao zingine zenye harufu kali yanaumiza mapafu ya nyoka. Kama hujui ni ya mti gani, usiyaweke.

Upande mmoja uwe moto, nyuzi 32 hadi 35. Upande wa pili uwe 25 hadi 28. Yeye atajipangia. Hita iwekwe chini ya boksi, nje, na iwe na themostati. Bila themostati unamchoma. Pima na themomita pale chini anapolala. Usipime na mkono, mkono wako hauna namba.

Kama unamfugia Isiolo kwenyewe, mchana kunaweza kuwa na joto poa, lakini usiku unashuka, na hewa ya ndani ya nyumba ya mawe si sawa na mchanga uliopigwa na jua siku nzima. Pima tu.

Maji yawe kwa kisahani kidogo kizito, safi kila siku. Matandiko yasiwe na unyevu, kwa sababu ngozi yake inapata vidonda.

Baada ya hapo, mwache. Siku saba bila kumshika, bila kumfukua, bila kumwonyesha mabeshte. Hii wiki moja peke yake imetatua kesi nyingi kuliko ujanja wote nitakaokupa hapa chini.

Chakula chenyewe

Mtoto wa boa anaanza na kijipanya kichanga, kile cha siku moja mbili ambacho hakijaota manyoya. Wafugaji wanakiita pinki. Upana wake usizidi sehemu nene zaidi ya mwili wa nyoka.

Kikiwa cha friza, kiyeyushe kwa friji kwanza, halafu kiweke kwa karatasi ya plastiki ndani ya maji ya uvuguvugu hadi kipate joto la mnyama aliye hai. Usitumie maikrowevu, kinapasuka. Kikaushe. Usikirudishe friza kama kimekataliwa, kitupe.

Na sasa skiza vizuri: usimpe panya uliyemshika kwa keja ama sokoni. Mitaa yetu imejaa sumu ya panya. Panya anakula sumu leo, anakufa siku kadhaa baadaye, na katikati hapo anatembea tu. Nyoka akimla, sumu inaendelea na kazi. Hata asiyekula sumu ana minyoo na vimelea. Panya mkubwa aliye hai naye ana meno. Ukimwacha usiku na nyoka mdogo, asubuhi unaweza kupata nyoka ndiye ameliwa.

Ujanja saba, kwa mpangilio

Fuata moja baada ya nyingine. Kati ya jaribio na jaribio acha siku 5 hadi 7. Ukijaribu kila usiku unamchosha bure.

1. Jaribu jioni, giza likiingia. Zima taa. Weka pinki juu ya kifuniko bapa karibu na mahali amejificha, ili asimeze mchanga mwingi. Toka kwa hiyo chumba. Rudi asubuhi.

2. Tumia koleo refu. Pitisha pinki polepole juu ya mchanga, kama mnyama anatembea. Usimchokoze usoni. Akirudi nyuma, weka chini uende.

3. Kikombe. Mweke nyoka na pinki kwa kikombe kidogo cha plastiki chenye matundu na matandiko kiasi, ukiweke ndani ya boksi lake upande wa joto la wastani, ufunike giza, uache usiku kucha. Hakikisha hakichomeki. Mahali pembamba panamtuliza, na chakula kiko hapo hapo.

4. Osha pinki. Maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo isiyo na manukato, halafu suuza hadi sabuni iishe kabisa, kausha. Ukitoa harufu ya panya, wengine wanakubali.

5. Harufu ya mjusi. Huu ndio ujanja mkubwa kwa boa wa mchangani. Chukua ngozi iliyovuliwa na mjusi, uipake kwa pinki iliyoyeyushwa na kupata joto, hasa kichwani. Si lazima mjusi afe. Kumpa mjusi mwenyewe wa ukutani ni kumpa vimelea vyake pia, kwa hivyo baki na harufu tu.

6. Toboa kichwa cha pinki iliyokufa kidogo ili harufu ya ubongo itoke. Ndiyo, inachukiza. Lakini inafanya kazi.

7. Pinki aliye hai. Kichanga ambacho hakijafungua macho hakiwezi kumuuma, na kile kutikisika kinaamsha uwindaji. Nchi zingine haziruhusu kulisha mnyama hai, kwa hivyo cousin acheki sheria ya kwake kwanza. Hata pale inaruhusiwa, kaa ukiangalia, na ukiona hamtaki, kitoe.

Baada ya hapo kuna kumlisha kwa kumfungua mdomo. Hiyo si ya YouTube. Mfupa wa taya wa nyoka wa gramu 8 unavunjika na kidole chako. Ifanywe na vet ama mtu aliyeifanya mara nyingi, na iwe nyoka anakonda kweli.

Mizani ndiyo itakuambia ukweli

Nunua mizani ya dijitali ya jikoni inayosoma gramu moja ama chini ya hapo. Mpime mara moja kwa wiki, ndani ya kikombe, bila kumshikashika. Andika tarehe, uzito, ulijaribu nini, alifanya nini.

Kwa nini? Kwa sababu macho yako yatakudanganya. Nyoka anaweza kukaa wiki kadhaa bila chakula na uzito wake usishuke sana. Huyo bado ako fiti, endelea kungoja. Lakini akipoteza sehemu moja kwa kumi ya uzito wake, hiyo si ubishi tena. Mfano rahisi: alikuwa gramu 10, sasa ni 9. Tafuta vet anayejua reptilia.

Usingoje hata mizani ukiona haya: anapumua mdomo ukiwa wazi, ute unatoka puani ama mdomoni, fizi zimevimba ama zina usaha, vidudu vidogo vyeusi vinatembea kwa magamba, uti wa mgongo umechomoza kama kamba, ama mkojo na kinyesi vina damu. Nyoka aliyetolewa porini ndiye mara nyingi ana minyoo, sababu nyingine ya kumwacha porini.

Amekula! Sasa tulia

Usimshike kwa saa 48. Najua unataka kumpongeza. Mwache na joto lake asage chakula.

Akitapika, usimpe kingine kesho. Ngoja siku 10 hadi 14, rudi uangalie joto, halafu mpe kitu kidogo zaidi. Kutapika mara mbili mfululizo ni kazi ya vet.

Akila mara tatu bila shida, anza kupunguza ile harufu ya mjusi kidogo kidogo hadi akubali panya mtupu. Mtoto anakula kila siku 5 hadi 7. Akikua, unapanua muda. Na usishangae dume kubwa likigoma msimu wa kutafuta mchumba. Hilo ni la kawaida, chunga tu uzito.

Cha kubeba

Ukisoma tena hizi hatua utaona karibu zote zinarudi kwa kile kile: joto chini ya tumbo, mchanga juu ya mgongo, giza, harufu ya mjusi, na mtu asiyesumbua. Hiyo ni laga ya Isiolo usiku. Cousin akikuuliza tena kwa nini nyoka wake wa dola kadhaa hataki kudishi, mwambie apime joto, aongeze matandiko, afunge boksi, na aende zake kwa wiki moja.

Na wewe ulioko hapa nyumbani, siku utakayofukua mchanga wa ujenzi ukute mmoja amejikunja, huna haja ya boksi wala hita. Hana shida ya chakula. Anakula panya wako bure. Rudi nyuma, waambie wenye majembe wapumzike kidogo, piga simu KWS, na kabla mtoi yeyote aokote jiwe, mwambie huyu ni wa hapa.